Ukumbi Usio na Pazia

Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuvuta pazia. Watu wakinisikia nasema hivyo hucheka, kana kwamba pazia hujivuta lenyewe. Pazia la ukumbi wa zamani wa chuo lilikuwa zito kama godoro lililonyeshewa. Kamba yake ilipita juu kwenye kapi, ikashuka upande wa kushoto wa jukwaa, kwenye kona yenye giza na harufu ya vumbi, na hapo ndipo nilipokuwa nikisimama. Ukivuta kwa pupa, lilikwama katikati na watazamaji wakabaki na nusu ya mfalme. Ukivuta kwa uvivu, aliyekufa jukwaani alilazimika kuendelea kufa mpaka limfikie. Lilikuwa na namna yake, na namna hiyo ilikuwa mikononi mwangu. Wanafunzi waliniita Mama Pazia.

Wazazi wetu walizaa wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Ulipofika wakati wa shule, baba alisema mwenye kichwa ni mmoja tu. Hakuwa amempima mtu yeyote kichwa. Mdogo wangu akaenda shule, mimi nikaenda kufua nguo za watu, na jioni nikirudi nafua sare zake. Kola zake zilikuwa nyeupe kuliko za mtoto wa mwalimu mkuu. Akapanda darasa baada ya darasa, mimi nikabaki na beseni langu. Baadaye niliolewa. Mume alikaa nami wakati wa shida, na neema ilipobisha hodi akaniacha kama mtu anavyoacha ndoo iliyotoboka, akaoa aliyesoma. Juu yake sina la kuongeza. Wino nao una thamani.

Wakati huo mdogo wangu alikuwa tayari mkuu wa idara ya michezo ya kuigiza pale chuoni. Mama akamwambia, "Mtafutie dada yako kazi, asirudi kwenye beseni." Akanitafutia. Lakini siku ya kwanza alinisimamisha nje ya lango, akawa anazungusha funguo za gari kidoleni.

"Dada, jambo moja tu. Humu ndani mimi ni Mkuu. Usiniite mdogo wangu, wala lile jina la nyumbani. Watu watasema tunapeana kazi kindugu."

"Na wewe utaniita nani?"

"Kama wanavyokuita wengine."

Basi hata yeye, niliyembeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, akawa ananiita Mama Pazia. Nilimeza. Chakula cha mwanamke aliyeachwa kina mifupa mingi, na ukichagua sana utalala njaa. Mama sikumwambia. Yeye alijua watoto wake wote wawili wako chuoni, na majirani zake wakajua hivyo hivyo. Sikuona sababu ya kumtilia mchanga kwenye furaha yake.

Kazi yenyewe niliipenda, hilo nalisema wazi. Msichana aliyeshika maandishi ya mchezo, yule wa kuwakumbusha wenzake maneno waliyosahau, alikaa karibu na kamba yangu. Nilikuwa nikichungulia karatasi zake huku nikisikia maneno yanayosemwa jukwaani, na kidogo kidogo herufi zikaanza kuongea. Mabinti wa namna hiyo walikuja, wakahitimu, wakaenda zao. Mimi nikabaki pale pale, nikisoma kwa jicho moja na kungoja zamu yangu kwa jicho lingine.

Kisha chuo kikajenga ukumbi mpya.

Ulijengwa nyuma ya maktaba, jengo refu lisilo na madirisha, na mafundi walipoanza kulipaka rangi wanafunzi wakawa wanapita kuchungulia mlangoni. Nilichungulia nami. Jukwaa halikuwa limebanwa ukutani kama la zamani. Lilichomoza katikati ya ukumbi kama ulimi wa mtu anayekucheka, na viti vililizunguka pande tatu, vikipanda juu safu kwa safu. Aliyekaa safu ya mbele angeweza kuweka kikombe chake cha chai juu ya jukwaa. Nilitazama juu, nikatafuta kapi. Hapakuwa na kapi. Palikuwa na taa tu, zimeinamisha vichwa.

Siku ile ile nilimfuata mdogo wangu koridoni.

"Mkuu, kamba yangu itakuwa upande gani?"

"Hakuna kamba," alisema bila kusimama. "Ukumbi huu hauna pazia. Jukwaa la namna hii halifungwi."

"Sasa watabadilishaje nguo? Mbele za watu?"

"Kuna vyumba nyuma. Sehemu ikiisha tunazima taa. Ndiyo kisasa."

"Na mimi?"

Hapo ndipo aliposimama. "Mpaka siku ya ufunguzi utasaidia kuhamisha vyombo. Baada ya hapo kuna nafasi ya usafi, bweni la wasichana. Mshahara ule ule. Usianze kulia."

"Umeniona lini nalia?"

Sikulia. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani na viatu miguuni. Wamechukua shule, nikanyamaza. Amechukuliwa mume, nikanyamaza. Hata jina la dada limechukuliwa, nikanyamaza. Ile kona ya jukwaa ndiyo mahali pekee duniani ambapo mtu alikuwa hawezi kuanza wala kumaliza mpaka mimi nisogee, na sasa nayo imechukuliwa. Nikasema moyoni, hapa sinyamazi. Ila sikujua nitasemaje.

Mchezo wa ufunguzi ulihusu bwana mmoja mpenda sifa. Kila aliyemsifu alimpa kitu cha nyumbani kwake. Aliyesema ana busara akapewa kiti, aliyesema ana sura nzuri akapewa meza, mpaka mwisho anatoa mlango wa nyumba. Bwana huyo aliigizwa na kijana mrefu tuliyemwita Twiga. Aliyeongoza mazoezi alikuwa Mwalimu Kipenga, mama mfupi, mkali, anayevaa kipenga shingoni na kukipuliza mtu akitazama sakafu badala ya kutazama watu.

Siku ya kwanza ya mazoezi katika ukumbi mpya, sehemu ya kwanza ilikwenda vizuri. Twiga akanyoosha mkono kuelekea kile kiti, akasema kwa sauti ya kifalme, "Chukua! Chukua na kiti hiki!" Kisha akaganda, mkono juu. Wenzake nao wakaganda. Mmoja alikuwa amefungua kinywa, akabaki vivyo hivyo.

Tukangoja. Hakuna kilichotokea.

"Mnangoja nini?" aliuliza Mwalimu Kipenga.

Twiga akajibu bila kusogeza midomo, "Pazia, mwalimu."

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Yule msichana wa maandishi akanigeukia, akacheka mpaka akashika tumbo, kwa maana mimi nami, kwenye lango la kuingilia jukwaani, nilikuwa nimeinua mikono yote miwili na kukamata hewa.

Wakajaribu kuzima taa. Kwenye giza vijana wakagongana vichwa, na mmoja akaukosa ukingo wa jukwaa, akaenda kumkalia fundi wa taa mapajani. "Shuka, mimi si kiti cha mtu!" fundi alipiga kelele. Wakajaribu kipenga. Twiga akasema anajisikia kama mchezaji aliyeotea. Wakajaribu kukimbia na vyombo wakiwa wameinama, ili wasionekane, wakawa kama panya waliokutwa jikoni. Na watazamaji wapo pande tatu, wanakuona ubavu na kisogo, utajificha wapi? Juma zima mambo yakawa yale yale. Kila sehemu ikiisha, wanaganda. Walikuwa wamezoea kufungiwa.

Siku moja uvumilivu ukaniishia. Twiga alikuwa ameganda na mkono wake juu, jasho linamtiririka, na mwalimu ameshika kichwa. Nikatoka pale langoni na ndala zangu, nikapanda jukwaani.

"Imekwisha hapo!" niliwaambia. "Mnasimama kama nguo kwenye kamba. Mmeanikwa?"

Nikachukua kile kiti, nikakiweka kichwani, nikaondoka nacho taratibu. Sikukimbia, sina umri wa kukimbia. Nyuma yangu nikasikia miguu yao ikitembea, wanatoka, kila mmoja kwa njia yake, kama watu waliofunguliwa.

Kipenga kikalia.

"Mama Pazia! Rudi!"

Nikarudi, kiti kichwani. "Samahani, mwalimu. Nimekosea?"

"Umefunga pazia," alisema. "Hukusikia wote wamepumua? Fanya tena, vile vile. Usicheke, usiharakishe, usitazame pembeni. Bwana akitoa kitu, wewe ndiye unayekuja kukichukua. Ukionekana tu, tunajua sehemu imekwisha."

"Mwalimu, mimi si mwigizaji."

"Nani kakwambia uigize? Chukua kiti uondoke."

Tangu siku hiyo mchezo ukapata miguu. Kila nikitokea, Twiga alinitazama kama mtu anayemwona mwenye nyumba mwisho wa mwezi. Nilikuja nikabeba meza, nikaja nikabeba mkeka, na nyumba ya yule bwana ikazidi kuwa tupu mbele ya macho ya watu. Wanafunzi wakawa wananitania, "Mama, kesho usije kwetu!" Na mimi nikawajibu, "Kwenu hakuna cha kubeba."

Habari zikamfikia mdogo wangu. Akaniita ofisini. Aliniacha nimesimama huku akipanga kalamu zake mezani, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo.

"Nasikia umejiingiza jukwaani."

"Sikujiingiza. Nimeitwa kwa kipenga."

"Siku ya ufunguzi kutakuwa na wageni wakubwa. Mama naye atakuja."

"Vizuri. Ataniona kazini."

Akahamisha kalamu moja, akairudisha. Nilimwona akihesabu moyoni ni nani atauliza nini. Kisha akavuta droo, akatoa kitambaa cheusi.

"Utajifunika uso mpaka shingoni. Wanaohamisha vyombo hawapaswi kuonekana, ndiyo utaratibu. Ukifanya hivyo, nitaongea na utawala, pengine utabaki huku huku ukumbini. Usipofanya, kesho yake asubuhi bweni la wasichana linakungoja na ndoo."

"Ni utaratibu wa wapi huo, Mkuu? Au ni wako?"

"Dada..." alisema kwa sauti ya chini, akatazama mlango kama umefungwa. "Usiniaibishe."

Kumbe jina hilo analikumbuka, ila analitumia mlango ukiwa umefungwa. Nilichukua kitambaa.

Mwalimu Kipenga alipokiona alikunja uso. "Nani kasema ufunikwe kama maiti?"

"Mkuu."

Akauma kipenga chake. "Mimi sijasema. Lakini sitaki nikuponze, una tumbo la kulisha. Amua mwenyewe."

Siku ya ufunguzi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa kwenye ngazi. Mdogo wangu alikuwa safu ya mbele, katikati, ametiwa kati na wageni wenye suti, tai imemkaba vizuri. Mama alikuwa amewekwa upande wa kushoto, safu ya mbele vilevile, pamoja na wifi yangu. Masikio ya mama yamechoka, kwa hiyo husema kwa sauti ya kusikika sokoni. Nilimsikia nikiwa nyuma: "Mbona jukwaa lenyewe liko miguuni mwangu? Wakirusha mate je?"

Sehemu ya kwanza ikafika mwisho. Twiga akanyoosha mkono. Nikatoka na kitambaa changu cheusi usoni, naona dunia kama kupitia moshi. Nikachukua kiti, nikakiweka kichwani. Njia yangu ya kutokea ilipita pembeni kabisa mwa jukwaa, mbele ya magoti ya mama. Nilipomfikia, akavuta miguu yake kwa adabu, kama anavyompisha mtu asiyemjua kwenye foleni.

"Pita, mama," aliniambia. "Pita, nisikukwaze."

Nikapita.

Nilipofika nyuma nilisimama nimeshika ukuta. Watu wengine walioninyima jina langu nilikuwa nimewazoea. Baba yuko kaburini, mume yuko kwake, mdogo wangu yuko na tai yake. Lakini mama? Mama aliyenizaa ananipisha kama mpita njia, na niliyemfanya asinione ni mimi, kwa mikono yangu, kwa ajili ya kazi ambayo hata haijaahidiwa, eti "pengine". Kitambaa kilikuwa kimelowa mdomoni. Nilikivua, nikakitupa juu ya sanduku la viatu. Msichana wa maandishi akanitazama macho yamemtoka.

"Mama Pazia, Mkuu atakufukuza."

"Na anifukuze akiniona vizuri," nilisema.

Sehemu ya pili ikaisha. Nikatoka uso wazi, chini ya taa zile zote. Joto lake lilinipiga kwenye paji la uso kama mlango wa jiko. Nikainama, nikachukua meza, nikaiweka kichwani, nikaanza kutembea. Nilikuwa sijafika hata nusu ya njia.

"He!" ilikuwa sauti ya mama. "He, wewe! Si mwanangu huyu?"

"Mama, nyamaza, ni mchezo," wifi alimnong'oneza.

"Ninyamaze vipi, na nimemzaa mimi! Wa kwanza huyu! Ndiye dada yake yule pale mwenye tai!"

Akanyoosha kidole chake, kikavuka jukwaa lote, kikamwendea mdogo wangu kifuani.

Katika ukumbi wa zamani watu walitazama mbele wote, kila mtu akaona kisogo cha mwenzake. Mdogo wangu angeinama kidogo tu, asingeonwa na mtu. Lakini huu waliujenga wenyewe, watu wanatazamana uso kwa uso, na mwanga wa jukwaa unawafikia wa safu ya mbele. Ukumbi mzima ukafuata kile kidole. Walimtazama yeye, wakanitazama mimi, wakamrudia yeye. Pua ni ile ile, tumeirithi kwa baba.

Mimi nilisimama na meza kichwani. Miguu ilikuwa inataka kukimbia, nikaikataza. Twiga, Mungu ambariki mtoto yule, hakuganda. Akageuka taratibu kwa mama, mkono kifuani, kwa sauti ile ile ya kifalme:

"Mama mzazi, mwanao amekuja kuchukua meza yangu. Nimpe, nisimpe?"

"Mpe!" mama alijibu. "Ndiyo kazi yake! Umeshaitoa, unaulizia nini tena?"

Ukumbi ukaanguka kwa kicheko na makofi. Nikatoka na meza yangu, sikuharakisha, na makofi yakanifuata mpaka nyuma. Sehemu ya tatu, nilipotokea tu, watu wakanong'ona, "Anakuja, anakuja tena," wengine wakamwonea huruma yule bwana na mkeka wake. Sehemu ya mwisho akabaki peke yake na mlango, mlango uliosimama katikati ya jukwaa bila ukuta. Nikaja. Akaniuliza, kama ilivyoandikwa, "Na wewe hutanisifu hata kidogo?" Imeandikwa nisijibu. Nilimtazama, nikauinua mlango, nikaondoka nao, na nyuma yangu hapakusikika hata kikohozi. Kisha pande zote tatu zikasimama.

Wanafunzi walirudi kuinama mbele ya watu, mara huku, mara huku. Twiga akaja nyuma, akanishika mkono, akanivuta nikiwa bado na vumbi la mlango begani. Mimi ambaye siku zote makofi niliyasikia kwa upande mwingine wa pazia, kama mvua ya jirani, safari hii yalininyeshea mwenyewe.

Mgeni mkubwa alipokwisha kusema yake, akamgeukia mdogo wangu mbele ya watu wote. "Mkuu, na yule mama wa mlango? Ni dada yako kweli, au ilikuwa sehemu ya mchezo?"

Kulikuwa na njia ya kupona hapo. Angesema ilikuwa sehemu ya mchezo, watu wangecheka, yakaisha. Nilimwona akiifikiria. Mama alikuwa anamtazama kutoka ng'ambo ile. Mimi nilikuwa namtazama kutoka jukwaani, na kwa mara ya kwanza tangu avae sare nilikuwa juu yake kidogo.

"Si mchezo," alisema. Akalegeza tai. "Ni dada yangu wa tumbo moja. Sare zangu zote za shule alizifua yeye."

"Basi alifua mpaka wewe ukafua dafu!" mgeni alisema, na watu wakapiga makofi upya.

Sijui kama ni moyo wake uliosema, au ni zile taa. Sijamuuliza. Wapo watakaoniambia nimsamehe, na mimi nawauliza, wao walifua? Neno limetoka kinywani mwake hadharani, halirudi tena drooni. Hilo linanitosha kwa sasa.

Bweni la wasichana sikulifagia. Kesho yake asubuhi Mwalimu Kipenga alikwenda utawala kabla yangu, akiwa na kipenga shingoni, na aliporudi alisema tu kwamba ukumbi hauwezi kufunguliwa bila wa kuufunga. Wanafunzi nao walikaa wakapiga hesabu zao za ukoo: Mkuu ni baba yao hapa chuoni, dada wa baba ni shangazi, kwa hiyo mimi ni Shangazi. Nimekuwa na watoto wa ndugu wengi kwa siku moja kuliko familia yetu yote.

Juma lililofuata tulikuwa katika mazoezi ya mchezo mwingine. Mdogo wangu aliingia kwa mlango mkubwa, akashuka ngazi mpaka ukingo wa jukwaa, ukumbi umejaa vijana na mlango uko wazi.

"Dada," aliita. Kwa sauti yake ya kawaida. "Nina neno na wewe."

Nilikuwa nimesimama langoni nikingoja zamu yangu. Vijana wote walinigeukia.

"Sehemu bado haijaisha, mdogo wangu," nilimjibu. "Kaa hapo ungoje."

Akatazama huku na huku, akaketi safu ya mbele. Sehemu ile ilikuwa ndefu.